Vigingi vya Saa Kumi na Mbili

2 Machi

Anza na tarehe, ndivyo anavyofanya Bwana Ramani kwenye daftari lake. Umeandika? Haya.

Mimi sikwenda shule. Haya yote anaandika mke wa mwanangu, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Mwanangu ni dereva wa malori ya mbali, kwa mwezi tunamwona siku tatu, nne, kwa hiyo humu ndani tupo wawili, na mmoja wetu hapendi kuongea. Huyo si mimi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna setilaiti inapita juu kila baada ya siku kumi na mbili, alfajiri, saa kumi na mbili kamili. Ina rada. Bwana Ramani, huyo mtu wa ramani za setilaiti, alitueleza pale ofisi ya mtaa kwamba rada haihitaji mwanga, inatupa mawimbi yake chini na kungoja yarudi, kama mtu anayegonga ukuta asikie wapi pako wazi. Kwa hiyo giza haliizuii, mawingu hayaizuii. Inatafuta ukingo wa maji. Ufuo wetu huu umelala bapa kama meza. Bahari ikipwa inakwenda hadi unaisahau, ikijaa inarudi mpaka nyuma ya nyumba za watu, na kila mwaka inarudi karibu zaidi. Sasa huyo wa juu anataka mwenzake wa chini. Saa ileile anapopita, mtu awe amesimama penye ukingo wa maji na kuchomeka kigingi chenye namba.

Bwana Ramani akauliza, nani hapa anajua kusoma saa na anaamka mapema? Nikanyoosha mkono. Kuamka mapema ni kweli kabisa.

Nikapewa buti za mpira, koti la mvua la manjano, vigingi ishirini na saa ya mkono. Nikaivaa mwenyewe palepale, watu wakapiga makofi. Jirani yangu Fundi, mshonaji, alikuwa amekaa mbele yangu, akaitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, Bi Saa." Jina limeshanata. Leo hata muuza mkaa kaniita hivyo.

4 Machi

Kigingi cha kwanza. King'ora cha kiwanda cha barafu kililia kuwaita watu wa zamu, nikachomeka. Kinalia kumi na mbili kamili tangu nilipoolewa hapa. Na saa yangu nilitazama pia, andika hivyo.

9 Machi

Leo nimepata jibu la swali nililolibeba tangu mkutano. Bafu letu halina paa, na mimi si mtu wa kuangaliwa. Bwana Ramani alipokuja kukagua lile bati lake, maana uani kwangu ameweka mabati matatu yaliyoungwa kama kona ya chumba, eti setilaiti ikiliona inajua imefika, nikamvuta pembeni nikamuuliza kwa adabu. Alicheka hadi akakaa kwenye ndoo.

"Mama, rada inaona mabati na kuta na maji. Wewe hutaonekana, wewe ni laini mno."

Nikamwambia mume wangu niliishi naye miaka thelathini na hakuwahi kuniita laini. Hata hivyo siku za kupita nitaoga mchana.

12 Machi

Nimesema na Fundi. Huyu anashona sare za shule, nyumba yake iko mbele ya yangu, chini kidogo, na upande huu hakuna aliye karibu na maji kuliko yeye. Mumewe amepooza upande wa kulia, mwaka wa tatu huu yuko kitandani. Ana daftari la vipimo vya mtaa mzima, walio hai na waliokwenda. Mkono wa marehemu mume wangu ulikuwa urefu gani, hilo daftari linajua. Mimi na yeye hatupatani tangu harusi ya mwanangu. Alinishonea gauni likanibana kwapani, na mpaka leo anasema gauni halina kosa, aliyeongezeka ni mimi.

Leo aliniuliza uani, "Bi Saa, ni saa ngapi?" mbele ya watu wawili. Nikamwambia nina haraka. Ana wivu huyu.

16 Machi

Kigingi cha pili. King'ora, nikachomeka, nikarudi kulala.

20 Machi

Mvua imeanza. Haikubisha hodi. Tumekinga ndoo tano na sufuria ya wali.

28 Machi

Kigingi cha tatu. Nilimtangulia mpiga king'ora leo, nikasimama mvuani mpaka buti zikajaa. Nikadhani king'ora kimekufa. Kulikuwa kumepambazuka kabisa kilipolia. Kitu kimoja: tope lilikuwa limelowa juu zaidi ya pale nilipochomeka, hatua thelathini na kitu, karibu na ukuta wa Fundi, na takataka za bahari zimekaa pale kwa mstari. Nikasema ni mvua. Mvua haipangi takataka kwa mstari, lakini mimi nilikuwa na baridi na nilitaka chai.

2 Aprili

Mvua. Mkwe anasema niseme zaidi. Hakuna zaidi.

9 Aprili

Kigingi cha nne. Maji yalikuwa yanaondoka kwa kasi wakati king'ora kinalia. Bwana Ramani alikuja kuchukua fomu, akasema vigingi vyangu ni vizuri kuliko vya ufuo wa pili, kule wamempa mwalimu na mwalimu analala. Mimi na mwalimu. Niliirudia mara tatu jikoni, mkwe akaniambia amesikia mara ya kwanza.

13 Aprili

Fundi alikuja mvuani kuazima sindano. Fundi mzima, ana sindano kuliko nywele, anakuja kwangu. Nikampa ile iliyopinda. Akasimama mlangoni, hakuondoka, akasema, "Siku hizi watu wa barafu wanaingia saa moja. Tangu mvua zianze. King'ora wamekisogeza."

Nikasema, "Aa."

"Saa nzima mbele," akasema. Akaenda zake.

14 Aprili

Leo hakuna.

15 Aprili

Mkwe, kaa. Nilikuwa sitaki kulisema hili na sasa nalisema, na wewe uliandike, maana nikilisema bila kuandikwa nitajidai kesho kwamba sikulisema.

Sijui kusoma saa.

Sijawahi kujua. Ile mishale naiona inazunguka, najua mfupi unakwenda polepole kuliko mrefu, basi. Nimeishi kwa king'ora, kwa redio ya jirani, kwa jua. Ulipokuja hapa bibi harusi ukaniletea saa ya ukutani, nikakwambia inanisumbua kwa kelele, nikaitoa betri. Haikuwa na kelele.

Kwa hiyo kigingi cha tatu na cha nne nilichomeka saa moja. Siyo kumi na mbili. Setilaiti ilipita, ikaondoka, ikafika sijui nchi gani, mimi ndipo nachomeka. Kwenye fomu nilikwambia jaza kumi na mbili, ukajaza. Mkono ni wako, uongo ni wangu.

Mkwe aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, mwambie Bwana Ramani. Ni vigingi viwili tu."

Nikamwambia ashike kalamu, hapa nani mkubwa. Akashika. Sasa naona anaandika na hili pia.

17 Aprili

Leo andika vizuri, hata ukimaliza kurasa.

Wamepita watu wa manispaa na kopo la rangi nyekundu. Bamvua ya tarehe ishirini na saba, yale maji makubwa kupita yote ya msimu huu, wanasema itakuja na upepo juu yake. Nyumba itakayofikiwa wanapaka alama mlangoni. Wenye alama, lori linawapeleka kwenye madarasa ya shule mpaka maji yatulie. Wamepaka milango kumi na moja. Kwangu hapana, niko juu. Mwenye brashi alifika kwa Fundi, akachovya, akainua mkono. Bwana Ramani akatazama kioo chake cha ramani, akasema, "Hii inabaki."

Mabega ya Fundi yalishuka namna mtu anavyotua ndoo. Kumhamisha yule mgonjwa si mchezo.

Mimi nikamwendea Bwana Ramani. "Mbona hii imeachwa?"

Akafurahi kuulizwa, maskini. Akanionyesha picha ya rada, kijivu na nyeusi. "Hapa rada ilisema maji yanafika mlangoni. Lakini wakati wa mvua, tope lililolowa na maji yaliyotulia vinafanana sana kwenye rada, tunaweza kukosea. Ndiyo maana tunakutegemea wewe. Tunajua kumi na mbili kamili ya siku ile bahari ilikuwa na kimo gani. Ulipochomeka kigingi, ardhi ya pale ina kimo hichohicho. Na vigingi vyako, cha tatu na cha nne, vinasema ardhi hapa iko juu kuliko tulivyodhani. Tukaviamini vigingi."

Nikamuuliza, "Maji yakianza kupwa, kwa saa moja yanashuka kiasi gani?"

"Siku nyingine kimo cha goti. Siku nyingine zaidi. Kwa nini, Mama?"

"Nauliza tu."

Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo akaja mkubwa wake, mwenye miwani na kiatu kisichojua tope, na Bwana Ramani akanishika bega akasema, "Huyu ndiye jicho letu la chini." Yule mkubwa akanipa mkono, akasema amesikia habari zangu. Ofisini kwao kuna watu wamesikia habari zangu. Nikasema asante. Nikaificha saa ndani ya mkono wa koti.

Fundi alituona kutoka dirishani. Akanipungia.

18 Aprili

Mvua. Sikutoka.

19 Aprili

Mvua. Fundi amerudisha sindano. Ameinyoosha.

21 Aprili

Kigingi cha tano. Mkwe alinisindikiza na simu yake, akasema "sasa", nikachomeka. Maji yalikuwa mbali sana. Kurudi tulipita kigingi cha tatu. Mkwe alikitazama, hakusema. Ningependa angesema. Miaka saba namlaumu kwa kutoongea, na leo kimya chake kimenipiga kuliko maneno ya mtu mwingine yeyote.

24 Aprili

Nilikwenda ofisi ya mtaa nimwombe karani simu ya Bwana Ramani. Karani akasimama, akanipa kiti, akawaambia watu, "Mpisheni Bi Saa, mtu wa setilaiti." Nilikaa kidogo, nikasema nimepita kusalimia.

25 Aprili

Lori limechukua wenye alama. Fundi aliwasaidia kufunga mizigo.

26 Aprili

Sijala leo. Mkwe ameweka sahani mbele yangu mara mbili.

Baada ya adhuhuri nilivaa buti nikashuka kwa Fundi. Alikuwa kwenye cherehani, sare za kijani zimerundikana hadi dirishani, mumewe kitandani na redio kifuani.

"Fundi, njooni mlale kwangu leo. Chumba cha mwanangu kiko wazi."

"Kuna nini kwako, sherehe?"

"Bamvua ni kesho alfajiri."

"Mlango wangu haukupakwa rangi. Au hukuona?"

"Niliona."

"Basi niache nishone. Sare arobaini, wanazitaka Jumatano."

"Kwa usiku mmoja tu, mwenzangu."

Akasimamisha mguu. "Huyu si gunia. Nikimwinua leo, mgongo unamuuma wiki nzima. Nipe sababu."

Nikamwambia upepo. Akasema upepo ameshauona. Nikamwambia nimeota maji yamefika hapa tarehe ishirini na saba.

"Ndoto zako zimeanza lini kuwa na tarehe?"

Mumewe akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Naye Fundi akarudisha mguu kwenye cherehani, na mimi nikasimama pale natazama sindano inapanda na kushuka, nikajua kwamba nikitoka mlangoni nimewaacha. Nikafungua mkanda wa saa, nikaiweka juu ya meza yake, kwenye vitambaa.

"Sijui kusoma saa."

Hakusimama. Alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Siku ile ofisini uliivaa kichwa chini. Aliyekaa mbele yako ndiye aliyeweza kuisoma, na aliyekaa mbele yako ni mimi. Na umeivaa hivyohivyo mpaka leo."

"Na hukuniambia."

"Nikwambie mbele ya watu wote wale wanaopiga makofi? Siku moja nilikuuliza ni saa ngapi, nikadhani utaniita pembeni uniambie. Ukakimbia. King'ora kiliposogezwa nikaja mpaka kwako, mvua yote ile. Mimi niombe sindano kwako? Ulifikiri nimefilisika sindano?"

Sikuwa na pa kuangalia. Niliangalia buti za watu wa setilaiti.

Nikamwambia yaliyobaki: cha tatu, cha nne, kimo cha goti, na kwa nini brashi iliinuka mlangoni pake. Hapo ndipo alipogeuka. Mimi nilizoea hasira yake ya gauni. Hii haikuwa ile.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya sindano."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kwa mtu anayehesabu sentimita siku nzima. "Siku kumi na tatu," akasema. Halafu akamgeukia mumewe, "Umesikia?"

Mumewe akasema kitu. Mimi maneno yake siyashiki. Fundi akatafsiri bila kunitazama: "Anasema kitanda kina pembe nne, mlete mkweo, na bado mnapungua mmoja."

Wa nne tulimpata barabarani, mlinzi wa kiwanda cha barafu, yuleyule anayepiga king'ora. Tukampandisha mgonjwa na kitanda chake, analalamika njia nzima, na kusema kweli alikuwa na haki. Tukarudi kwa cherehani. Tukarudi kwa sare. Mvua ikatufungia njia, tope likawa linavua watu viatu, Fundi akasema basi, iliyobaki ni vyombo.

27 Aprili

Yalifika. Saa kumi na mbili kasorobo, kwa saa ya mkwe. Yaliingia kwa Fundi mpaka juu ya goti, na upepo ukayasukuma, na ukuta wa upande wa bahari ukakaa chini taratibu kama mzee. Kichwa cha mumewe miaka mitatu kililala penye ukuta ule.

Maji yalipopwa tulishuka. Ndani ya kabati lililoanguka alikuta lile daftari la vipimo. Tulilisahau. Kila mmoja alidhani limo kwenye sare. Alilifungua, wino wote umekuwa wingu la bluu, ukurasa kwa ukurasa. Akaendelea kufunua mpaka wa mwisho, hata pale nilipokuwa nimeshajua hakuna kitu.

Katika siku kumi na tatu mtu anahamisha nyumba nzima na kijiko hakibaki.

28 Aprili

Wako kwenye chumba cha mwanangu. Tunapishana koridoni. Anasema "shikamoo" kwa mzaha, tuko umri mmoja. Au si mzaha.

30 Aprili

Jana nilimwambia Bwana Ramani. Alivua kofia, akakaa kwenye ndoo ileile aliyochekea. Akasema, "Rada ilikuwa sahihi. Sisi ndio tuliochagua kigingi." Nilitaka agombe. Aliniomba ning'oe cha tatu na cha nne. Nikang'oa mwenyewe mchana kweupe, nikapita navyo begani katikati ya watu.

Leo nimesimama ofisi ya mtaa, mbele ya walewale waliopiga makofi, nikasema sijui kusoma saa na nimesema uongo kwenye fomu mara mbili na nimenyamaza siku kumi na tatu. Kuna mtu alicheka nyuma. Muuza mkaa alitazama chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. Niliweka buti, koti na saa mezani. Manispaa imesema nyumba ya Fundi itaingizwa kwenye orodha ya kujengewa juu, lakini orodha ni ndefu.

Bwana Ramani akanirudishia vyote. Akasema nitaendelea kuchomeka, ila fomu itakuwa na sahihi ya mtu wa pili, shahidi wa saa. Akauliza nani atakuwa. Nikamtazama mkwe.

Fundi akasema, "Mimi. Ninaamka mapema."

3 Mei

Kigingi cha sita. Fundi alinigongea mlango kabla sijafumbua macho. "Kumi na mbili kasoro dakika ishirini na tano. Sema."

"Kumi na mbili kasoro dakika ishirini na tano."

"Mshale mrefu uko wapi?"

Nikamwonyesha. Akanishika mkono akaigeuza saa, akanifunga mkanda. Ulibana kidogo. Sikusema.

Tulishuka ufuoni. Maji yalikuwa yanarudi, madogo madogo, yanakuja kama yana aibu nayo. Akatazama saa mkononi mwangu, akasema "sasa", nikachomeka. Akatia sahihi. Kurudi tulipita kwake, akaingia, akatoka na kijiko.

Tulikuwa jikoni tumeshakaa, chai imemiminwa, mkwe anakata mkate, Fundi anampima mkwe bega kwa kamba mpya, maana anaanza daftari upya na ameanza na humu ndani. Ndipo king'ora cha barafu kikalia. Kinalia kwa muda mrefu ukikisikiliza. Mimi nilitazama kikombe. Fundi alishikilia kamba pale ilipo, kidole kwenye namba, mpaka kikanyamaza.

Halafu akasema, "Arobaini na moja. Andika."